Usisubiri mlima ukuumbue: Jinsi ya kubadilisha plagi za gari kwa mara ya kwanza

Na MWANDISHI WETU

DEREVA anayetoka Kisumu kuelekea Kericho huweza kudanganywa na gari lake hadi atakapoipita Awasi. Barabara ya Ahero ni tambarare, mashamba ya mpunga na miwa yametanda huku na huku, na hata gari gonjwa hujifanya zima. Mambo hubadilika Kipsitet, lango la Soin. Hapo ardhi huanza kuinuka, joto la bonde la Nyando huachwa nyuma kidogo kidogo, na kufikia Kapsoit msafiri huwa ameanza kuona majani ya chai. Kutoka Ahero, iliyo kama mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, hadi mji wa Kericho ulio zaidi ya mita 2,000, gari hupanda kwa zaidi ya mita 800 katika safari ya takriban kilomita 60.

Ni katika mpando huo ambapo mwandishi wa makala haya aliumbuliwa na gari lake miaka kadhaa iliyopita. Ilikuwa jioni, mvua ilikuwa imeanza kunyesha, na katika kiti cha nyuma alikuwa ameketi shangazi yangu niliyekuwa nimemchukua nyumbani Soin kumpeleka hospitali mjini Kericho. Kifua kilikuwa kimembana tangu asubuhi.

Tulipoanza kupanda, injini ilianza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Nilikanyaga mafuta, lakini badala ya kuongeza mwendo gari likatikisika zaidi. Taa ya njano yenye picha ya injini ikawa inawaka na kuzima kwenye dashibodi. Nyuma yetu lori lililosheheni mzigo lilipiga honi mfululizo, maana dereva wake hakutaka kuupoteza mwendo alioupata kwa taabu.

"Mwanangu," shangazi akauliza kwa sauti ndogo, "mgonjwa ni mimi ama ni gari?"

Tulifika, kwa mwendo wa mtu anayesukuma mkokoteni, na shangazi akatibiwa akapona. Kesho yake fundi mmoja kijana mwenye kibanda kando ya barabara alifungua boneti, akachomoa kidude kirefu kama kidole, akakiinua kwenye mwanga wa jua na kuniambia: "Mzee, gari lako halina ugonjwa mkubwa. Plagi zimeisha tu." Kazi yote haikuchukua saa moja. Kilichoniuma si ujira alioutaka, bali kutambua kwamba nilihatarisha maisha ya watu kwa sababu ya vidude vinne ambavyo ningeweza kuvibadilisha mwenyewe nyumbani, mchana kweupe, kabla ya safari.

Makala haya yanamlenga mtu aliye katika hali niliyokuwa nayo siku hiyo: ana gari, hana ujuzi wa ufundi, na huogopa kugusa chochote kilicho chini ya boneti. Kubadilisha plagi si kazi ya nguvu wala ya siri. Ni kazi ya usafi, mpangilio na mkono mwepesi. Anayeifanya kwa pupa huweza kuharibu injini, na anayeifanya kwa utulivu huimaliza salama hata ikiwa ndiyo mara yake ya kwanza.

Plagi ni nini?

Injini ya petroli huvuta mchanganyiko wa hewa na petroli ndani ya silinda, kisha pistoni huushindilia mchanganyiko huo hadi ukabanwa katika nafasi ndogo. Hapo huhitajika cheche ya kuuwasha. Moto unaolipuka huisukuma pistoni chini, na msukumo huo ndio unaozungusha magurudumu. Plagi ndiyo inayotoa cheche hiyo.

Ukiitazama kwa makini utaona ina sehemu kuu tatu. Juu kuna kauri nyeupe inayozuia umeme usitoroke. Katikati kuna chuma chenye pembe sita za kushikwa na spana, na chini yake hesi, yaani ile mikato ya mzunguko inayofanya kitu kifungike kama parafujo. Mwishoni kabisa kuna ncha mbili: moja imetokeza katikati ya kauri, na nyingine imepindwa juu yake kama ndoana. Baina ya ncha hizo kuna mwanya mdogo, kwa magari mengi ya siku hizi kama milimita moja. Cheche huruka katika mwanya huo.

Umeme wa betri ya gari, ambao ni volti 12, hauna nguvu ya kuruka hata mwanya mdogo kama huo. Kwa hiyo hupitishwa kwanza katika koili, inayoukuza hadi kufikia volti 20,000 na zaidi. Injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, kila plagi hutoa cheche 1,250 katika dakika hiyo. Kwa saa moja ya mwendo wa namna hiyo, plagi moja huwa imetoa cheche 75,000. Si ajabu basi kwamba huchoka.

Wazo lenyewe si geni. Mnamo 1860 Étienne Lenoir, mzaliwa wa Ubelgiji aliyekuwa akiishi Paris, alitumia cheche ya umeme kuwasha injini yake ya gesi. Mwaka wa 1902 Gottlob Honold, mhandisi wa kampuni ya Robert Bosch nchini Ujerumani, alitengeneza mtambo wa umeme wa nguvu nyingi pamoja na plagi iliyofaa magari. Tangu hapo madini yamebadilika na vipimo vimeboreshwa, lakini umbo la msingi limebaki lile lile.

Ni vyema kutahadharisha hapa kwamba si kila gari lina plagi za aina hii. Malori mengi na trekta zinazobeba miwa na majani ya chai hutumia dizeli. Katika injini ya dizeli hewa hushindiliwa hadi ikapata moto wa kuwasha mafuta yenyewe, bila cheche. Baadhi ya injini hizo zina plagi za kupasha joto wakati wa kuwasha gari, lakini hizo ni kitu kingine. Kwa upande mwingine, pikipiki za bodaboda hutumia petroli na nyingi zina plagi moja tu. Mtu anayeogopa kuanzia kwenye gari anaweza kumwomba jirani mwenye bodaboda amwonyeshe jinsi anavyochomoa yake. Waendeshaji wengi huifanya kazi hiyo kwa dakika chache kando ya barabara.

Kwa nini ugonjwa hujitokeza mlimani?

Kila cheche inaporuka huutafuna mwanzi wa ncha kidogo. Baada ya maelfu ya kilomita, ncha huwa butu na mwanya hupanuka. Mwanya ukipanuka, cheche huhitaji nguvu zaidi ya umeme ili kuruka.

Katika barabara tambarare dereva hukanyaga mafuta kidogo. Mchanganyiko unaoingia katika silinda ni haba, shinikizo ni dogo, na cheche huruka bila taabu hata kama plagi imechakaa. Gari linapoanza kupanda, dereva hukanyaga zaidi, mchanganyiko mwingi huingia na kushindiliwa kwa nguvu. Hewa iliyobanwa hivyo huipinga cheche. Koili hujitahidi hadi mwisho wa uwezo wake, na ikishindwa, cheche hukosekana kabisa au umeme hutorokea nje kupitia kando ya kauri. Silinda hiyo huwa haikuwaka. Ni kama maksai wanne wanaovuta jembe, kisha mmoja akaamua kulala.

Katika mpando wa Kericho kuna jambo la pili. Kadiri tunavyopanda juu, hewa huwa nyepesi, na injini ya kawaida hupoteza takriban moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Kwa hivyo gari linalofika Kericho huwa tayari limepungukiwa na kama moja ya tano ya nguvu ambazo lingekuwa nazo Mombasa. Halina akiba ya kugharamia silinda iliyolala. Jambo la tatu ni unyevu. Katika maeneo ya chai mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na maji yakiingia mahali ambapo mpira wa koili au wa waya umepasuka, umeme hupata njia ya mkato.

Silinda isipowaka, petroli yake hutoka mbichi kupitia bomba la moshi. Magari ya kisasa yana kisafisha moshi katika bomba hilo. Petroli hiyo huungua ndani yake na kukipasha moto hadi kikaharibika, na bei yake ni mara nyingi ya bei ya plagi. Ndiyo maana taa ya injini inapowaka na kuzima mfululizo, dereva anapaswa kupunguza kukanyaga mafuta na kuegesha mahali salama mapema iwezekanavyo. Siku ile mimi sikulijua hilo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa plagi ni wa milimita moja tu.

Wakati wa kubadilisha

Dalili za plagi zilizochakaa ni gari kuwaka kwa shida asubuhi, injini kutetemeka likiwa limesimama, kukohoa linapopanda mlima, na petroli kuisha upesi kuliko kawaida. Hata hivyo, dalili hizo huweza kusababishwa pia na koili mbovu, kichujio cha hewa kilichojaa vumbi au pampu ya mafuta iliyodhoofika. Plagi mpya si dawa ya kila ugonjwa, lakini ni mahali pa busara pa kuanzia kwa sababu ni nafuu na huonekana kwa macho.

Umri wa plagi hutegemea madini ya ncha zake. Zile za kawaida za nikeli hudumu takriban kilomita 20,000. Zile za platinamu na iridi hudumu zaidi, baadhi hadi kilomita 100,000, kwa kuwa madini hayo ni sugu. Nikeli huyeyuka kwa nyuzi 1,455 za Selsiasi, platinamu 1,768, ilhali iridi hustahimili hadi nyuzi 2,446. Ugumu huo ndio unaowawezesha watengenezaji kuchonga ncha nyembamba sana, nyingine za milimita 0.4, ambazo hutoa cheche kwa urahisi.

Magari mengi yaliyoko nchini yaliingia yakiwa yametumika ng'ambo, na sheria za Kenya huruhusu gari la hadi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Mnunuzi mara nyingi hajui plagi zilizomo zilitiwa lini. Ikiwa umenunua gari na huna kumbukumbu yoyote ya matengenezo yake, chukulia kwamba plagi zimekwisha muda na uzikague.

Kununua plagi na kuandaa vifaa

Usinunue plagi kwa kukisia wala kwa kulinganisha urefu kwa macho. Kila plagi ina nambari iliyochapishwa kwenye kauri au kwenye chuma, na kitabu cha gari hutaja nambari inayofaa. Nambari hiyo huonyesha unene na urefu wa hesi, na pia kiwango cha joto. Ncha ya plagi inapaswa kupata joto la kiasi cha nyuzi 500 ili masizi yaungue yenyewe, lakini isizidi kama nyuzi 900, kwani ikizidi huweza kuwasha petroli kabla ya wakati. Plagi yenye hesi ndefu kupita kiasi huweza kugongwa na pistoni. Kwa hiyo nambari si jambo la kupuuzwa.

Bidhaa ghushi zimezagaa katika soko la vipuri, na Kenya ilitunga sheria ya kupambana na bidhaa hizo mnamo 2008. Nunua kwa muuzaji mwenye duka linalojulikana, na udai risiti. Kagua maandishi kwenye kauri: yakifutika kwa kusuguliwa na kidole, tia shaka. Angalia kama ncha ya juu imekaa sawasawa juu ya ile ya kati, na kama hesi ni laini isiyo na mikwaruzo. Plagi iliyoanguka kwenye sakafu ngumu usiitie, hata kama inaonekana nzima, kwa maana kauri huweza kuwa na ufa usioonekana.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: soketi ya plagi, racheti, kiungio kirefu cha kufikia ndani, na spana ya nambari 10. Magari mengi ya Kijapani huhitaji soketi ya milimita 16, ingawa mengine hutumia 14 au 21. Soketi ya plagi huwa na mpira au sumaku ndani ili iishike plagi isianguke. Ongeza kitambaa kisafi, geji ya kupimia mwanya, na pampu ya baiskeli. Kazi ya pampu hiyo utaiona punde.

Hatua kwa hatua

Tuchukue mfano wa Toyota Probox, gari ambalo limekuwa punda wa watu wengi katika barabara za Kericho na Bomet. Yale ya injini ya lita 1.5 yana silinda nne, na plagi zake zimepangwa kwa safu moja juu ya injini. Kila plagi ina koili yake iliyoikalia kama kofia.

Kwanza, egesha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, zima injini na uondoe ufunguo. Kisha ngoja. Injini iachwe ipoe kabisa, kwa saa kadhaa au usiku kucha. Kichwa cha injini kimetengenezwa kwa alumini, na hesi za alumini huharibika kwa urahisi plagi inapofunguliwa kukiwa na moto. Huko kuungua mikono ni hasara ndogo tu.

Pili, fungua waya wa hasi kwenye betri na uuweke kando usije ukagusa tena. Ondoa kifuniko cha plastiki kilicho juu ya injini. Utaona koili nne, kila moja imeshikwa na bolti ya nambari 10 na kuunganishwa na kichwa cha waya.

Tatu, fanya silinda moja kwa wakati. Hii ndiyo kanuni inayomwokoa mwanagenzi. Katika magari ya zamani yenye waya ndefu za plagi, kuzichomoa zote kwa pamoja ni kujitafutia balaa, kwa sababu kila waya una silinda yake. Injini nyingi za silinda nne huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na ukizibadilisha waya mbili injini haitawaka ipasavyo. Usianze ya pili kabla hujaimaliza ya kwanza.

Nne, bonyeza kishikizo cha plastiki na uchomoe kichwa cha waya. Usivute waya wenyewe. Fungua bolti, kisha zungusha koili kidogo kushoto na kulia kabla ya kuivuta juu. Ikiwa imeng'ang'ania, endelea kuizungusha kwa upole hadi mpira wake uachie.

Tano, kabla ya kuigusa plagi, puliza vumbi na mchanga kutoka kwenye tundu lake. Hapa ndipo pampu ya baiskeli inapofaa. Vumbi la barabara za Soin ni laini na hupenya kila mahali. Plagi ikitolewa kabla ya kupulizwa, vumbi hilo huangukia moja kwa moja ndani ya silinda na kukwaruza kuta zake.

Sita, teremsha soketi hadi iishike plagi barabara, ikiwa imesimama wima. Fungua kwa kuzungusha kinyume cha mwendo wa saa. Mara ya kwanza itakuwa ngumu, kisha italegea. Ikiwa imelegea halafu ikaanza kukaza tena, simama. Irudishe ndani kidogo, tia matone ya mafuta ya kulainishia kutu, ngoja, kisha jaribu tena. Kulazimisha hapa ndiko kunakong'oa hesi, na hesi za kichwa cha injini zikishang'oka kazi hiyo huwa ya fundi mwenye mashine.

Saba, pima mwanya wa plagi mpya kwa geji. Kwa injini tuliyoitaja mwanya ni kati ya milimita 1.0 na 1.1. Gari jingine lina kipimo chake katika kitabu. Plagi za nikeli huweza kurekebishwa kwa kupinda ncha ya juu taratibu. Zile za iridi usizibane wala kuzisugua kwa brashi ya waya, kwa kuwa ncha zake nyembamba huvunjika. Kama mwanya wake si sahihi, irudishe dukani.

Nane, na hii ndiyo hatua muhimu kuliko zote, anza kuitia plagi mpya kwa vidole. Ondoa racheti, shika kiungio kirefu peke yake na uzungushe kufuata mwendo wa saa. Plagi inapaswa kuingia kwa mizunguko kadhaa bila upinzani wowote. Ikikwama baada ya nusu mzunguko, imeingia upande. Itoe, panguza hesi, anza upya. Vidole huhisi kosa mapema, ilhali racheti hulizidi nguvu bila wewe kujua.

Tisa, plagi ikigusa mwisho, rudisha racheti na ukaze. Plagi mpya yenye washa huhitaji takriban nusu mzunguko baada ya kugusa, ili washa ijibonyeze na kuziba. Plagi iliyowahi kutumika, ambayo washa yake imekwisha kubonyea, huhitaji kidogo sana, kama moja ya kumi na mbili ya mzunguko. Plagi zisizo na washa, zenye kitako cha mshazari, hukazwa kidogo zaidi ya kugusa tu. Mwenye spana ya kupimia nguvu afuate kipimo cha kitabu. Usipake mafuta kwenye hesi, kwani utakaza kupita kiasi bila kufahamu.

Kumi, rudisha koili, ikandamize hadi ikae, kaza bolti kwa wastani na usukume kichwa cha waya hadi usikie mlio mdogo. Nenda kwenye silinda ya pili. Ukimaliza zote, rudisha kifuniko na waya wa betri, kisha uwashe gari. Injini ikitetemeka, zima na ukague vichwa vya waya. Mara nyingi huwa kimoja hakikuingia vyema.

Soma plagi kuukuu kabla ya kuitupa

Mwanagenzi wengi hufurahia plagi mpya na kuzitupa zile za kale papo hapo. Huko ni kutupa barua bila kuifungua. Zipange kwa safu kama zilivyokuwa katika injini, kisha uzitazame.

Ncha yenye rangi ya kijivu au kahawia nyepesi ni dalili ya injini yenye afya. Ikiwa ni nyeusi na ina masizi makavu, petroli inaingia nyingi kuliko hewa, na jambo la kwanza la kukagua ni kichujio cha hewa. Ikiwa imelowa mafuta ya injini, mafuta hayo yanapenya kupitia ringi za pistoni au sili za vali, na huo ni ugonjwa unaohitaji fundi. Kauri iliyokuwa nyeupe mno, yenye malengelenge, huonyesha joto la kupindukia, na huenda plagi si ya kiwango kinachofaa au injini inakosa petroli ya kutosha. Ukikuta mafuta juu ya plagi, ndani ya tundu la koili, basi sili ya kifuniko cha juu ya injini inavuja.

Petroli iliyochanganywa na mafuta taa nayo huchafua plagi na kuifanya injini igonge inapopanda. Uovu huo ulikuwa umekithiri kiasi kwamba mnamo 2018 serikali ilianzisha ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuondoa faida ya kuchanganya.

Plagi moja ikiwa tofauti na zenzake tatu, tatizo liko katika silinda hiyo pekee. Zote zikifanana kwa ubaya, tatizo ni la injini nzima. Hata kama baadaye utalazimika kwenda kwa fundi, utakwenda ukiwa na habari, na mtu mwenye habari si rahisi kuuziwa kipuri asichokihitaji.

Niliyofanya mimi baada ya siku ile ni kununua soketi, racheti na daftari. Katika daftari hilo huandika tarehe na kilomita kila ninapobadilisha plagi, pamoja na nambari yake. Mara ya kwanza nilitumia asubuhi nzima ya Jumamosi, na mikono ilitetemeka nilipoikaza ile ya nne. Siku hizi hunichukua chini ya saa moja.

Shangazi angali anakwenda kliniki mjini Kericho, nami ndiye dereva wake. Tukifika Kipsitet huniuliza kama mgonjwa wa leo ni mmoja au ni wawili. Humjibu kwamba ni mmoja, na kwamba nimeangalia kabla ya kutoka nyumbani.